Tunduma huvukwa ukiwa bado Dar: hotuba kwa wanaokwenda Lusaka kwa gari dogo

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Tuanze na kilomita, maana ndizo zitakazoamua mengine yote. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Ukivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mbele yako kuna kilomita 1,000 na ushee hadi Lusaka. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, gari lako litakuwa limekula kilomita 4,000 hivi. Gari linalokwenda Tegeta na Posta kila siku ya kazi huchukua karibu miezi minne kufikisha hesabu hiyo. Ninyi mnataka lifanye kazi hiyo ndani ya siku kumi, likiwa limebeba watu watano na mabegi, likipanda mlima Kitonga kule Iringa.

Watu wengi hujiandaa kwa kuanza na yale yanayofurahisha: kununua boksi la barafu, kupakua nyimbo, kushona sare za familia. Tunawaomba mpange kazi kwa kigezo kimoja tu: ni jambo gani likiharibika litachukua siku nyingi zaidi kulirekebisha? Hilo ndilo la kwanza. Pasipoti iliyoisha muda haitengenezwi usiku mmoja. Kadi ya gari yenye jina la marehemu haibadilishwi Tunduma. Tairi unalipata hata Makambako. Kwa hiyo karatasi kwanza, gari la pili, chakula mwisho kabisa.

Mtanzania haombi viza kwenda Zambia kwa matembezi, lakini pasipoti anayo lazima, na iwe na miezi isiyopungua sita mbele yake na kurasa tupu. Watoto nao wawe na pasipoti zao. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na babu, achukuliwe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na wakili. Ofisa wa uhamiaji anayemwona mtoto mwenye jina la ukoo tofauti na la mtu mzima aliyemshika mkono ana wajibu wa kuuliza, na kusema tu “ni mwanangu” hakuthibitishi kitu.

Sasa kadi ya gari. Isomeni leo jioni mkiwa mmekaa karibu na gari lenyewe, bonneti ikiwa wazi. Linganisheni namba ya chesesi, namba ya injini na rangi. Magari mengi yanayotumika hapa yamewahi kubadilishwa injini: ile ya awali ilikufa, fundi akaweka nyingine ya mtumba, gari likaendelea na maisha, na Mamlaka ya Mapato, TRA, haikuambiwa. Hapa mjini hakuna anayekuuliza. Mpakani, afisa akiinama na kuona namba ya injini haifanani na iliyoandikwa kwenye kadi, kwake hilo ni gari la wizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kurekebisha kadi kunahitaji muda na nyaraka za injini uliyonunua, ndiyo maana tunalitaja mapema. Wakati huohuo ombeni Polisi hati ya ukaguzi wa Interpol inayoonyesha kwamba gari limekaguliwa na halitafutwi. Inaweza kuombwa, inaweza isiombwe. Isipokuwapo siku inapoombwa, siku yako imeisha.

Gari lisilo la jina lako linahitaji hati ya kiapo ya mwenye gari, iliyotiwa saini mbele ya wakili, ikitaja jina lako, namba ya pasipoti yako, nchi unayokwenda na tarehe. Gari lililo kwenye mkopo linahitaji barua ya benki, kwa sababu kadi halisi iko kwao. Gari la kampuni linahitaji barua yenye mhuri. Hata mume anayeendesha gari la mke wake aandikiwe. Ndoa haimo kwenye kadi ya gari.

Halafu bima, na hapa tunaomba utulivu kidogo, maana ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko mahali pengine popote. Bima kubwa uliyonayo, ile unayoilipia kwa uchungu kila mwaka, imeandikwa mipaka ya nchi inamofanya kazi. Usipoomba iongezewe Zambia kwa maandishi, thamani yake inaishia kwenye geti la Tunduma. Mpigieni wakala wenu wa bima, muulizeni swali moja: “Gari likipinduka Mpika, mnalipa?” Akisema ndiyo, mwambieni aiandike kwenye nyongeza ya mkataba.

Hiyo ni kwa gari lako. Kwa madhara utakayowafanyia wengine unahitaji kitu kingine: Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini haikutoka kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi hii mnaipata kwa kampuni za bima hapa hapa. Inalipia madhara kwa watu wengine na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Hailipii bati la gari lako. Tena haisimami yenyewe: imeegemea bima yako ya ndani, na bima ya ndani ikiisha tarehe 14 wakati uko Kabwe, Kadi ya Njano nayo imelala siku hiyohiyo. Angalieni tarehe zote mbili, na hakikisheni Zambia imeachwa wazi kwenye orodha ya nchi, haijakatwa kwa mstari.

Na kuna kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Watu wawili wanaambiwa “leta kadi ya njano”, mmoja anakwenda hospitali, mwingine anakwenda kwa wakala wa bima, na wote wawili wanadhani wamemaliza. Bebeni zote mbili. Ile ya chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya safari ni kuchelewa. Aliyekwisha kuchanjwa zamani asirudie: tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Madeni ya trafiki yalipeni kabla. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, uone kama kuna faini zilizolala. Faini ya shilingi 30,000 uliyopigwa Kibaha mwezi wa tatu itakusubiri Iringa, na aliyekusimamisha hatakuwa na haraka.

Tumemaliza karatasi. Twende kwenye gari.

Mkishika jambo moja tu katika haya ya ufundi, lishikeni la joto. Njia hii huanzia usawa wa bahari, inapita Ruaha Mbuyuni ambako jua la mchana linakausha midomo, na mara tu baada ya hapo inaanza Kitonga. Fikiria kinachotokea: umeunganika nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, uko gia ya kwanza au ya pili, injini inazunguka kwa nguvu, upepo unaoingia kwenye rejeta ni haba kwa sababu gari haliendi, na AC inatia joto lake mbele ya rejeta hiyohiyo. Gari ambalo halijawahi kuchemsha Dar es Salaam linachemshia hapo. Linachemsha kwa sababu udhaifu ulikuwapo siku zote, ila barabara ya tambarare ilikuwa inaufunika.

Udhaifu wenyewe huwa mmoja kati ya minne. Wa kwanza ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule si kizibo tu. Una springi inayoshikilia mgandamizo, kwa magari mengi ni kama bar 0.9 hadi 1.1. Mgandamizo huo unapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, maji yanachemka yakifika 100, na ukiwa juu ya mlima yanachemka hata kabla ya hapo. Mfuniko mpya ni wa bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha familia yenu pale Iringa. Badilisheni, msibishane na fundi.

Wa pili ni maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji matupu yanaleta kutu na magamba, magamba yanaziba mirija myembamba ya rejeta, na rejeta iliyoziba robo haionyeshi dalili mjini. Mwageni yote, suuzeni mpaka yatoke safi, wekeni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, kisha toeni hewa iliyonaswa: injini iwake, mfuniko ukiwa wazi, mpaka thamostati, ile vali inayopitisha maji injini ikipata joto, ifunguke na mapovu yakome. Fanyeni hivyo injini ikianza kuwaka ikiwa ya baridi. Kufungua mfuniko wa rejeta yenye moto ni kujiunguza uso. Wa tatu ni feni: ikiwa ni ya umeme, washeni AC na muitazame ikizunguka, ikiwa ni ya mkanda, angalieni ufa kwenye mkanda na mafuta yanayovuja kwenye klachi ya feni. Wa nne ni thamostati iliyotolewa. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, wakidhani wameondoa tatizo. Ombeni irudishwe mpya.

Mkiwa Kitonga na mshale ukaanza kupanda: zima AC, washa hita ya ndani kwa nguvu zote ingawa mtaloa jasho, maana hita ni rejeta ndogo ya pili, na acheni nafasi kati yenu na lori la mbele. Ukizidi kupanda, tafuteni sehemu pana, egesheni, acheni injini iungurume taratibu dakika chache kabla ya kuzima. Msimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto. Silinda hedi ya aluminiamu inapinda, na hapo safari ya Lusaka imegeuka safari ya gereji.

Wakati wa kurudi, mlima ule ule unawageuzia kibao. Sasa mnashuka, na hatari imehama kutoka kwenye rejeta kwenda kwenye breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205. Yakishakuwa na unyevu, kiwango kinachotambulika ni nyuzi 140. Mtu anayeshuka huku amekanyaga breki mfululizo anafikisha joto hilo, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke hugandamizwa: unakanyaga pedeli, inazama hadi chini, gari haliitiki. Kama hujui mafuta yako yaliwekwa lini, jibu ni kwamba yamechelewa. Badilisheni yote, na pedi zilizobaki milimita 3 zisipande milima hii. Kushuka kwenyewe ni kwa gia. Gari la manyo, shuka na gia ileile ambayo ungeipandia. La otomatiki, weka L au 2, lenye CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, weka B au S, breki ikanyagwe kwa vipindi vifupi kisha iachiwe. Ushauri huuhuu ushikeni kwenye miteremko ya Inyala na Mbalizi kule Mbeya, na huko kuna la ziada: tazameni kioo cha nyuma. Lori lililofeli breki halipigi honi mapema.

Tairi. Ubavuni mwake kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yana kashata nzuri, yaani yale meno ya tairi, yanang'aa, na ndani yake mpira umekwisha kufa. Tairi lililozidi miaka sita lisiende safari hii, hata kama linaonekana jipya. Kina cha kashata kisipungue milimita 3, maana likiwa chini ya hapo maji ya mvua hayana pa kupita na gari linaelea. Upepo pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na angalieni kuna namba mbili: gari tupu, na gari lililojaa. Ninyi mtakuwa na gari lililojaa. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua, linapata joto, linapasuka, na dereva analaumu ubora wa tairi.

Tairi lenu la spea mnalijua? Magari mengi kutoka Japani yana kile kitairi chembamba cha dharura, cha kwenda kilomita 80 kwa saa na kwa umbali mfupi, na mengine hayana hata hicho, yana chupa ya gundi. Kati ya Mpika na Serenje kuna zaidi ya kilomita 200 na maduka ya matairi ni machache mno. Tafuteni tairi kamili lenye rimu ya kufanana. Jeki ijaribuni nyumbani, kwenye udongo, mkiwa mmeweka ubao chini yake. Kama nati moja ya gurudumu ina kufuli, ufunguo wake uko wapi? Ulizeni sasa. Baada ya kufunga gurudumu lolote, kazeni nati kwa mpangilio wa nyota, na baada ya kilomita 50 mkaze tena.

Kuhusu mafuta ya injini hatutasema mengi: kama mmebakiza chini ya kilomita 4,000 kabla ya kumwaga oili, mwageni sasa, na bebeni lita moja ya aina ileile. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6, injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Mkanda wa taimingi ambao historia yake haijulikani ubadilishwe. Muhimu kuliko yote haya ni lini mnakwenda gereji. Nendeni wiki tatu kabla. Gari linalotoka gereji siku moja kabla ya safari ni gari lisilojaribiwa. Bomba lililosahaulika kukazwa hujitambulisha Chalinze. Likitoka, liendesheni Bagamoyo na kurudi, kisha mwangalie chini kama kuna tone.

Kwenye buti wekeni viakisi vya pembetatu viwili, kizima moto ambacho muda wake haujaisha, boksi la huduma ya kwanza, fulana ya kuakisi, kamba ya kuvutia, fyuzi za akiba, tochi ya kichwani, na pampu ndogo ya upepo ya volti 12. Stika za kuakisi ziwe nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Trafiki wa Zambia huziangalia.

Safari yenyewe igawanyeni siku nne. Dar hadi Iringa siku ya kwanza, kilomita 500, mkitoka saa kumi na moja alfajiri ili msikutane na foleni ya Kibaha. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inakata mbuga kwa takriban kilomita 50: fuateni mwendo wa kwenye vibao, maana mnyama akigongwa analipiwa kwa orodha yenye bei ya kila aina, na bei zake ni za dola. Kila kijiji chenye kibao cha 50, nendeni 50, mpaka muone kibao cha kuondoa. Tochi za trafiki za kupima mwendo ziko kwenye miti ya kivuli. Siku ya pili Iringa hadi Mbeya au Vwawa, mlale hapo. Msilale Tunduma mjini kama mnaweza kuepuka. Kelele za malori hazikomi. Siku ya tatu asubuhi mvuke, mfike Mpika. Siku ya nne Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, kilomita 640 hivi. Wenye watoto wadogo waifanye siku mbili.

Usiku msiendeshe, na hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda mita 28 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki zimepita mita 40. Taa za chini zinakuonyesha mita 40 hadi 60 tu. Mbele kuna lori limekatika ekseli, halina taa wala kiakisi. Mchana mtaona matawi ya miti yametandazwa barabarani, mita hamsini hivi kabla yake; hiyo ndiyo alama ya madereva wa malori pande zote mbili za mpaka, na ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza mwendo bila kuuliza. Usiku matawi hayo huyaoni mpaka umeyakanyaga. Na kipande cha Nakonde kwenda Mpika kwa miaka mingi kimekuwa na mashimo ya kumeza rimu. Hali yake ya wiki hiyo waulizeni madereva wa malori mnapokunywa chai Tunduma.

Sasa mpaka wenyewe. Kilomita kadhaa kabla ya Tunduma mtakuta msururu wa malori upande wa kushoto. Magari madogo hayapangi foleni hiyo, yanapita kando yake, lakini mnakuwa upande wa wanaotoka mbele, kwa hiyo taa ziwake na mwendo uwe wa kutambaa. Watatokea vijana wakikimbia kando ya kioo: “Mzee, nikusaidie, mimi ni ajenti.” Ajenti halali ana leseni na ofisi. Hao wengine ni vishoka, na pasipoti ikishaingia mkononi mwa kishoka, bei ya kuitoa anaipanga yeye. Funga vioo, endesha hadi ndani.

Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo kimoja cha huduma za pamoja mpakani. Maana yake kwenu: mnapokwenda, hamsimami Tunduma kugongewa muhuri wa kutoka. Mnavuka hadi jengo la Nakonde, na humo maofisa wa Tanzania na wa Zambia wako chini ya paa moja. Kurudi ni kinyume chake, yote yanafanyika Tunduma. Asiyejua hili hupoteza saa nzima akitafuta dirisha lisilokuwapo.

Ndani, mpangilio ni afya, kisha uhamiaji wa kutoka, uhamiaji wa kuingia, kisha forodha. Kwa TRA hakikisheni gari limeandikwa kuwa linatoka kwa muda, la sivyo siku ya kurudi linaweza kuonekana kama gari linaloingizwa nchini. Kwa Mamlaka ya Mapato ya Zambia mtapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda, chenye tarehe ya mwisho. Isomeni hapo hapo dirishani, pamoja na namba ya chesesi, tarakimu moja moja. Kosa la kuchapa ni rahisi kurekebisha ukiwa bado umesimama mbele ya aliyechapa. Kuna kodi ya hewa ya ukaa inayokwenda kwa ukubwa wa injini, tozo ya barabara, na ushuru wa halmashauri. Kila senti ina risiti, na kila risiti itaombwa tena mbele, kwenye vizuizi vya polisi. Wekeni zote kwenye bahasha moja ya plastiki, na bahasha iwe na mtu mmoja. Asiwe dereva.

Fedha za kwacha msibadili kwa mtu aliyesimama. Mbinu ni za zamani: noti zinakunjwa ili moja ihesabiwe mara mbili, au furushi linachukuliwa “kuhesabiwa upya” na linarudi limepungua. Kuna pia ya noti zilizopitwa na wakati. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha, na mwaka 2025 zikatoka noti mpya, zikiwamo za 200 na 500. Mgeni hawezi kujua ipi inatumika. Benki ama duka lenye leseni, na kiasi cha kutosha mageti ya tozo, kwa noti ndogo ndogo. Mafuta jazeni tanki upande wa Tanzania, maana Zambia kwa kawaida bei huwa juu zaidi. Madumu ya petroli msivuke nayo. Mpakani yanaonekana kama magendo, na ndani ya gari la familia ni bomu.

Mkobani mwa mama kuna jambo jingine la kukaguliwa. Zambia ni wakali sana kwa dawa. Dawa za mafua na mzio zenye diphenhydramine, na za kikohozi au maumivu zenye codeine, ambazo watu huzichukulia kuwa za kawaida, zimewahi kuwaingiza wasafiri mahabusu kwa kukosa cheti cha daktari. Someni maandishi ya nyuma ya boksi. Dawa ya lazima ibaki kwenye pakiti yake, na cheti chenye jina la mgonjwa. Nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, ziacheni nyumbani. Nyama mbichi, mbegu na magunia ya mazao yanahitaji vibali vyake; mkate na mayai ya kuchemsha havina ugomvi na mtu.

Mkishavuka, rudisheni saa nyuma saa moja. Kiswahili mtakizungumza Nakonde bila shida, Wanyamwanga wako pande zote mbili za mstari ule, lakini kuanzia Chinsali mtahitaji Kiingereza, na “muli shani” ya Kibemba inalainisha kizuizi cha polisi kuliko miwani ya jua.

Siku ya kurudi, kibali cha gari kirudishwe na kifungwe kwenye mfumo kabla hamjaondoka. Wengi hawakirudishi kwa haraka ya kufika nyumbani, na gari linabaki kwenye kompyuta za Zambia kana kwamba halijatoka, na kodi yake ikidaiwa. Ombeni karatasi ya uthibitisho, muihifadhi pamoja na kadi. Halafu saa mbele saa moja, gia ya chini Kitonga, na Ruaha Mbuyuni mkinunua vitunguu visiwekwe kwenye kiti cha nyuma, wekeni kwenye buti mbali na watoto, na upepo wa matairi ya nyuma uongezwe.

Maswali tutayapokea nje. Magari mliyokuja nayo yameegeshwa pale chini ya mwembe, mwanga bado upo. Twendeni tukasome tarakimu nne za kila tairi, tukianzia na lile la spea.